Kutoa Hitimisho Sahihi Katika Maswali ya Ufahamu

Maswali ya ufahamu ni ya namna mbili. Namna ya kwanza humtaka mtahiniwa ataje yale yaliyoandikwa katika kifungu; namna ya pili humtaka aseme ni jambo gani linalofuata kutokana na yaliyoandikwa. Hii ya pili huwatatiza wengi, hata wale wanaoimudu lugha vyema, kwa kuwa huchanganya jambo linalofuata kwa lazima na jambo linaloelekea tu kuwa kweli.

Hebu tutazame mfano. Tuseme kifungu kina sentensi hii: "Majahazi yote yaliyotoka Lamu kwenda Arabuni yalisafiri kwa upepo wa kusi." Mtahiniwa anaulizwa ni kauli ipi inayothibitishwa na sentensi hiyo:

(a) Kila jahazi lililotoka Lamu kwa upepo wa kusi lilikuwa likienda Arabuni.
(b) Jahazi lililotoka Lamu kwa upepo usiokuwa wa kusi halikuwa likienda Arabuni.
(c) Mabaharia wa Lamu waliuogopa upepo wa kaskazi.

Jibu (c) laweza kuondolewa mara moja, maana kifungu hakikusema lolote juu ya hofu. Jibu (a) ndilo mtego. Limetumia maneno yale yale ya kifungu, lakini limeyapindua. Tumeelezwa habari za majahazi ya Arabuni. Hatukuelezwa habari za majahazi yote ya kusi. Jahazi lingeweza kutoka Lamu kwa upepo uo huo likielekea Kismayu, na sentensi yetu ikabaki kuwa kweli. Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani aliyeishi kati ya mwaka 384 na 322 K.K., alionyesha kwamba kauli "kila A ni B" haigeuki kuwa "kila B ni A". Huruhusu tu "baadhi ya B ni A". Jibu sahihi basi ni (b): ikiwa yote ya Arabuni yalitumia kusi, lisilotumia kusi halikuwa la Arabuni.

Kosa hili halimo mitihanini tu. Wahenga walisema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Ni mara ngapi aliyevunjika guu huhukumiwa kwamba hakusikia la mkuu? Methali haikusema hivyo. Mtu msikivu naye huteleza. Anayeipindua methali hii humtwika mgonjwa hatia juu ya maumivu.

Mtahini pia ana wajibu wake. Sentensi "Wanafunzi wote hawakufaulu" yaweza kufahamika kwa njia mbili: kwamba hakuna aliyefaulu, au kwamba baadhi walifaulu na wengine wakashindwa. Swali likijengwa juu ya sentensi kama hiyo, mtahiniwa anayefikiri sawasawa aweza kunyimwa alama bila kosa. Yafaa kuandika "Hakuna mwanafunzi aliyefaulu" au "Si wanafunzi wote waliofaulu", kwa kadiri ya maana inayokusudiwa.

Kabla ya kuchagua jibu, basi, mtahiniwa na ajiulize: je, yaliyoandikwa yaweza kuwa kweli na jibu hili likawa uongo? Ikiwa yaweza, hitimisho hilo halifuati, hata kama sote twaliamini.