Orodha ya vyuo kwa mhandisi mtarajiwa: tupime kumaliza, si kuingia tu

Wiki ile matokeo ya Exetat yalipotoka, mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alifika kwetu Kasuku na bahasha moja mkononi. Alikuwa amepata asilimia 64 katika Hesabu na Fizikia, sehemu ambayo sote tunaiita Math-Physique. Alitaka nimwandikie barua ya maombi kwa Kifaransa kizuri, kwa sababu anataka kuwa mhandisi. Nikamwuliza barua ngapi. Akajibu: "Moja tu, Yaya. Miye nataka Kinshasa, kwingine hapana."

Wasomaji wa jarida hili wanaijua kazi hiyo. Ukisoma lugha, jirani wanakuhesabu kuwa mwandishi wa barua wa mtaa mzima. Lakini safari hii nilisita kuandika. Baba yake alikuwa amekwisha kumtafuta mnunuzi wa kiwanja chao cha Alunguli, ng'ambo ya mto, ili apate nauli na karo. Kiwanja huuzwa mara moja. Jina moja kwenye karatasi lilikuwa linataka kumeza kiwanja kizima, na hakuna aliyekuwa ameuliza jina hilo linadai nini.

Katika nchi kama Marekani, washauri wa shule huwafundisha wanafunzi kutengeneza orodha yenye uwiano: vyuo vichache vigumu kupokelewa, vichache vinavyolingana na alama zao, na vichache ambavyo hawawezi kukataliwa. Mpango huo ni mzuri, lakini umejengwa juu ya dhana kwamba mlango mgumu ni ule wa kuingilia. Kwetu Kindu mlango mgumu mara nyingi uko ndani. Mwenye diploma ya taifa hupata pa kujiandikisha. Swali ni kama atafika, kama atapita mwaka wa kwanza, kama fedha zitatosha hadi mwisho, na kama cheti chake kitasomwa sawasawa na yule atakayempa kazi. Kwa hiyo orodha ya mtoto wa Maniema ipimwe kwa kitenzi *kumaliza*, na *kuingia* kiwe sehemu ndogo tu ya hesabu.

Tuanze na maneno, maana ndiyo kazi yetu

*Mhandisi* limetoka katika Kiarabu, *muhandis*, na mzizi wake unarudi hadi neno la Kiajemi lenye maana ya kipimo. Dar es Salaam utasikia pia *injinia*, na hapa kwetu *enjeniere*. Mtu ni yuleyule, lakini vyeo vyake havilingani, na hapo ndipo familia nyingi hupotea.

Kwanza, *ingénieur civil*. Katika mfumo tuliourithi kwa Wabelgiji, cheo hiki humtaja mhandisi aliyetoka kitivo cha politekiniki cha chuo kikuu, iwe amesomea umeme, migodi au ujenzi. Ndiyo maana mtu anaweza kuitwa *ingénieur civil électricien* bila kujenga hata daraja moja. Kwa Kiingereza, *civil engineer* ni mhandisi wa ujenzi basi. Nilifanya kosa hili mimi mwenyewe miaka miwili iliyopita, nilipomtafsiria rafiki barua ya kwenda chuo kimoja cha nchi jirani. Yeye alitaka umeme; mimi niliandika *civil engineer*; wakamjibu kwa fomu za barabara na majengo. Muda wa kurekebisha ulipopatikana, maombi yalikuwa yamefungwa. Neno moja lilimgharimu mwaka.

Pili, *licence*. Katika mfumo wa zamani wa Kongo, mtu alisoma miaka mitatu ya *graduat*, kisha miwili ya *licence*, jumla mitano. Katika mfumo wa LMD ambao vyuo vyetu vimekuwa vikiuingia tangu mwaka wa masomo 2021-2022, *licence* ni miaka mitatu ya kwanza. Mjomba mwenye *licence* ya 1995 na mpwa mwenye *licence* ya leo hawakusoma muda mmoja. Mzazi akisikia "atapata licence", aulize: ya miaka mingapi, na baada yake kuna nini?

Tatu, *collège*. Kwetu ni shule ya sekondari. Kampala au Nairobi, *college* yaweza kuwa chuo cha ufundi, au sehemu ya chuo kikuu kama kitivo. Usipoangalia, utaandika katika barua kwamba umemaliza *college*, na msomaji atadhani una diploma ya juu.

Mizani ya kuingia

Hapa nitapita haraka. Alama za Exetat zinajulikana: kufaulu huanzia asilimia 50, na vitivo vya politekiniki humtazama zaidi aliyetoka Math-Physique au sehemu za ufundi kama umeme, mekanika na ujenzi. Baadhi yao hudai mtihani wa kuingia au mwaka wa maandalizi. Masharti haya yaulizwe kila mwaka chuoni penyewe, kwa sababu ya mwaka jana huenda yamebadilika.

Kuna jambo moja ambalo alama hazisemi. Siku nne za kikao cha kawaida cha Exetat humwuliza mwanafunzi kwa maswali ya kuchagua jibu. Mwaka wa kwanza wa uhandisi humtaka aandike njia nzima ya hesabu, kwa Kifaransa, hatua kwa hatua. Mtu anaweza kuwa hodari wa kuchagua jibu na akakwama pale anapotakiwa kuandika "kwa sababu". Nilimtafutia mdogo wangu karatasi ya zamani ya mwaka wa kwanza, nikamwacha nayo saa tatu. Alitatua maswali mawili kati ya matano. Alinyamaza jioni nzima, lakini tangu siku ile tulianza kuzungumza kama watu wazima.

Mizani ya kumaliza

Hii ina mawe manne, na kila jina kwenye orodha lipimwe kwa yote.

*Njia.* Kindu si mji wa njia nyepesi. Kwenda Lubumbashi kuna reli inayopita Kibombo, Kongolo, Kabalo na Kamina, lakini treni hukaa siku nyingi njiani na siku ya kuondoka haiaminiki. Kwenda Kisangani, mto unakufikisha Ubundu. Baada ya hapo maporomoko yanazuia boti, na unamalizia kwa nchi kavu. Kinshasa ni ndege, kwa wengi wetu hakuna njia nyingine ya maana. Maana yake ni kwamba mwanafunzi wa mbali hatarudi nyumbani likizo. Akiugua, hakuna wa kumfikia kesho. Basi karibu na kila jina iandikwe: huko tuna nani?

*Fedha za miaka yote.* Familia nyingi huhesabu minervali ya mwaka wa kwanza pamoja na nauli, kisha husema "Mungu ataleta". Hesabu ya haki ina chumba, chakula, silabasi, vifaa vya kuchorea, kompyuta, mafunzo ya kazini na kazi ya mwisho wa masomo. Izidishwe kwa miaka mitano, halafu uongezwe mwaka mmoja wa kudubla. Kudubla katika uhandisi si aibu wala si ajabu, kwa hiyo bajeti isiyo na mwaka huo imejidanganya.

*Maabara.* Uhandisi haufundishwi kwa chaki peke yake. Uliza mwanafunzi wa mwaka wa tatu, si ofisi ya kuandikisha: mara ya mwisho uligusa mashine lini? Umeme unakaa saa ngapi? Uliza pia ni wangapi walioanza nao, na wangapi wako nao sasa. Swali hili la pili lina thamani kuliko tangazo lolote.

*Cheti.* Wizara ya Elimu ya Juu hutofautisha vyuo binafsi vinavyotambuliwa na visivyotambuliwa. Cheti cha chuo kisichotambuliwa ni karatasi ya ghali. Kabla ya jina kuandikwa kwenye orodha, tuone amri ya kukiidhinisha, na tuone kama inataja kitengo chenyewe cha uhandisi.

Majina matatu ya aina tatu

Kwa Kiswahili nimezoea kuyaita jina la kutamani, jina la kulingana na jina la kutegemea. La kutamani ni gumu kwa alama, kwa fedha au kwa njia. La kulingana ni lile ambalo mawe yote manne yanakaribia kukaa sawa. La kutegemea ni lile ambalo tuna hakika atalimaliza. Angalizo: jina la kutegemea ni lazima mtoto awe radhi nalo. Akiliandika kwa dharau, hatalisoma, na orodha imebaki na majina mawili tu.

Katika nchi yetu, kila jina lina tabia yake. Chuo Kikuu cha Kinshasa ni mrithi wa Lovanium iliyofunguliwa 1954. Kitivo chake cha politekiniki kina sifa ya ujenzi, umeme na mekanika. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kinatokana na chuo rasmi kilichofunguliwa Elisabethville 1956. Kikiwa katikati ya ukanda wa shaba, uhandisi wake wa migodi na metalujia unaishi karibu na migodi yenyewe. Vyote viwili vilimezwa na UNAZA mwaka 1971, vikarudishiwa uhuru wao 1981. Kando ya vyuo vikuu kuna taasisi za juu ambazo watu huzisahau bila sababu: INBTP ya Kinshasa kwa majengo, barabara na upimaji wa ardhi, na ISTA kwa umeme, elektroniki, mekanika na hata usafiri wa anga. Anayetaka kazi ya mikono na ya haraka, huenda jina lake la kulingana liko huko.

Mashariki kulikuwa na majina tuliyoyapenda kwa ukaribu wa lugha na ndugu: Goma na Bukavu. Tangu miji hiyo ilipoanguka mikononi mwa M23, Goma mwishoni mwa Januari na Bukavu katikati ya Februari 2025, jiwe la njia limebadilika kabisa. Siandiki hivi kwa kuvidharau vyuo vya huko, ambavyo walimu wake wamevumilia mengi. Naandika kwa sababu orodha ya 2023 haiwezi kunakiliwa tu. Uwiano hupimwa upya kila mwaka.

Kuvuka mpaka

Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tangu hapo vijana wanataja Makerere, Dar es Salaam na Juja, ambako chuo cha Jomo Kenyatta kipo. Ni majina halali ya kutamani, lakini yana madai matatu. Diploma yetu lazima ilinganishwe na ya kwao: Tanzania kazi hiyo kwa vyeti vya sekondari hufanywa na NECTA, Uganda na UNEB. Masomo ni kwa Kiingereza. Kiswahili kitakusaidia sokoni Dar es Salaam, si katika darasa la termodinamiki. Na iulizwe kwa maandishi kama ada ya raia wa Jumuiya inamhusu Mkongomani, au atalipa kama mgeni wa mbali. Mwaka mmoja wa Kiingereza hapa nyumbani kabla ya kuomba unaweza kuokoa miwili huko.

Karatasi ya mdogo wangu

Tulikaa na baba mdogo jioni tatu. Tukaanza na majina manane, tukabaki na manne, kwa kuwa kila dosie ina gharama ya nakala na mihuri. La kutamani: politekiniki ya Kinshasa. Ya kulingana mawili: Lubumbashi, ambako shangazi yake ana chumba, na INBTP. La kutegemea: shule ya ufundi iliyo karibu, ambako angelala kwa ndugu, na ambayo alikubali kwenda kuitembelea kabla ya kuiandika. Alirudi akasema mashine ni chache, lakini wanafunzi wanazigusa.

Baba yake alikuwa mgumu kwenye jambo moja. "Mhandisi ni wa chuo kikuu," alisema. Nikamwonyesha tofauti ya vyeo, niliyoieleza hapo juu, na kwamba Kalima, ambako bati lilichimbwa tangu enzi za wakoloni, hapakuendeshwa na wenye vyeo virefu peke yao. Hakukubali yote. Alikubali kwamba kiwanja kisiuzwe hadi majibu ya angalau majina mawili yarudi.

Naandika haya kwa ajili ya kitivo chetu pia. Kila mwaka, matokeo yakitoka, foleni ya barua huja kwetu. Tunaweza kuandika barua nzuri na kunyamaza, au tunaweza kwanza kuuliza maswali manne: njia, fedha, maabara, cheti. Na kabla ya kutafsiri cheo chochote, tukague maana yake katika mfumo wa anayeandikiwa. Napendekeza wahadhiri wa tafsiri watupe zoezi moja la vyeo vya elimu vya Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Litakuwa na wasomaji wengi zaidi ya darasa.

Barua nne zimekwenda. Ile ya Lubumbashi aliiandika mwenyewe, mimi nikasahihisha viambishi vitatu tu.