Mbwa na wajibu usio na likizo

Wapo wasomaji wa safu hii watakaostaajabu kuona kwamba leo tumeacha kuzungumzia bei za vyakula na mashimo ya barabara, tukachagua kuzungumzia mbwa. Tunawaomba wastahamili. Mambo ya mbwa katika visiwa vyetu si ya mzaha hata kidogo. Ni mambo ya afya, ya ujirani mwema, na ya serikali. Nasi hatuyasemi kwa kusikia tu, kwani tangu kuanza kwa upepo wa kaskazi uliopita tumekuwa tukiishi na mbwa mmoja ambaye ametufunza zaidi ya tulivyotazamia kufunzwa na kiumbe wa miguu minne.

Mbwa huyo tulimchukua katika kituo kimoja cha kutunzia wanyama walioachwa, nje kidogo ya mji. Ni mbwa koko wa kawaida, rangi yake ya mchanga, mkia umepinda kama mundu, na sikioni ana alama ndogo ya kuonyesha kwamba amekwisha kuhasiwa. Daktari wa wanyama alimkadiria umri wa mwaka mmoja na nusu. Watoto walimwita Kaskazi, kwa kuwa alikuja na upepo huo, na kwa kuwa hakujua kutulia. Mikononi mwetu tulitiwa vitu viwili: kamba ya kumwongozea, na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, iliyoandikwa tarehe aliyochanjwa na tarehe atakayotakiwa kuchanjwa tena. Thamani ya kamba tuliijua siku ile ile. Thamani ya kadi tulikuja kuijua baadaye.

Siku tatu za kwanza Kaskazi alijikunyata chini ya mwembe, hali chakula mpaka watu waondoke. Tukajipongeza kwamba tumepata mbwa mpole. Siku ya nne tukamjua. Alilichanachana jamvi la barazani, akachukua kubadhi moja la mgeni wetu na kulifukia chini ya mgomba, akapindua ndoo za maji yaliyotekwa kwa taabu, kisha akauruka ua wa makuti kana kwamba ni mstari uliochorwa mchangani, akawatawanya kuku wa jirani. Usiku, kila pikipiki iliyopita ilibwekewa mpaka ifike barabara kuu. Wenye uzoefu wa kazi hii walitueleza kwamba mbwa atokaye kituoni aghalabu huhitaji siku tatu ili hofu impungue, wiki tatu ili azizoee taratibu za nyumba, na miezi mitatu ili atambue kwamba amefika kwake. Walituambia pia kwamba uharibifu ule haukuwa uovu. Ilikuwa ni nguvu ya kijana aliyefungiwa, isiyopewa kazi ya kufanya.

Basi tukampangia kazi. Kila siku baada ya sala ya alfajiri humshika kwa kamba tukashuka naye pwani, tukamwendesha mbio juu ya mchanga mgumu maji yanapokupwa, kabla wavuvi hawajarudi na samaki wao. Jioni tunarudia. Katikati ya hayo hufundishwa maneno machache, kukaa, kungoja na kuja aitwapo, na kila atiipo hupewa kidonge cha ugali wa dagaa. Hulala katika banda lake nyuma ya ua, na sahani yake ni yake peke yake. Kwa utaratibu huu alibadilika mbele ya macho yetu. Lakini yalipotokea majuma ambayo kazi za gazeti zilitubana, tukamwacha siku mbili bila matembezi, jamvi la pili lilifuata njia ya lile la kwanza. Hakutupa muhula, wala hakutaka kujua udhuru wetu.

Sasa tueleze jambo lililotufanya tuandike. Alasiri moja lango liliachwa wazi, na aliyeliacha ni mmoja wetu. Hatuna wa kumsingizia. Mtoto wa kiume wa jirani, wa miaka kama saba, alikuwa akipita kwenda chuoni. Alipomwona mbwa alikimbia, na mbwa akamfuata, maana ni tabia ya mbwa kufukuza kinachokimbia. Mtoto akaanguka, goti likachubuka. Kaskazi hakumwuma. Alimfikia akitikisa mkia, akamlamba mguu pale pale penye mchubuko.

Asiyejua ataona hilo ni jambo dogo. Anayejua atashtuka, kwa sababu virusi vya kichaa cha mbwa hukaa katika mate, na mate yakigusa ngozi iliyochubuka ni hatari kama jeraha la meno. Tuliliosha goti lile kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa nzima, kama madaktari wanavyoagiza, tukamchukua mtoto pamoja na mama yake hospitali, na kadi ya chanjo mkononi. Daktari aliisoma kadi, akampa mtoto huduma aliyoiona inafaa, akatuagiza mbwa afungwe na kuangaliwa kwa muda wa siku 10. Maana mbwa aliyekuwa na virusi mateni siku ile hawezi kuzimaliza siku hizo akiwa mzima.

Jioni yake babu wa mtoto alikuja nyumbani kwetu akifuatana na sheha. Ni mzee mtulivu, mzaliwa wa Pemba. Tulimwamkia, tukamkaribisha barazani, akakataa kukaa.

"Jirani," alisema, "mimi sichukii kiumbe wa Mungu. Lakini nilipokuwa kijana nilimwona mtu wa kijijini kwetu akifa kwa kichaa cha mbwa. Alikuwa na kiu, na kila akiletewa maji anatetemeka kwa hofu. Leo mjukuu wangu amelambwa na mbwa. Niambie, usingizi nitaupata baada ya siku ngapi?"

Hatukuwa na jawabu ila kumwomba radhi. Tulimpa sheha kadi, akaisoma tarehe kwa sauti ili mzee asikie. Kisha sheha akauliza swali ambalo hatujaweza kulisahau: "Huyu ana kadi. Na wale wanaozurura sokoni usiku, kadi zao ziko wapi?"

Hilo ndilo swali tunalolileta leo mbele ya wananchi na mbele ya viongozi wetu. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Wataalamu wanakadiria kwamba duniani kote huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao wakiwa wa Afrika na Asia, na kwamba karibu asilimia 40 ya wanaokufa ni watoto walio chini ya miaka 15. Katika kila vifo 100 vya binadamu, 99 chanzo chake ni mbwa. Tena ni ugonjwa ambao kinga yake inajulikana tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja kijana wa Kifaransa aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Kwa hiyo kila anayekufa leo anakufa kwa kuwa kinga iliyopo haikumfikia.

Wapo wanaosema dawa ya mbwa wa mitaani ni risasi na sumu. Wakiisema kwa hofu tunawaelewa, lakini yaliyotokea kwingine hayawaungi mkono. Kisiwa cha Bali, huko Indonesia, kiliingiliwa na kichaa cha mbwa mwaka 2008. Mbwa wengi waliuawa, na ugonjwa ukazidi kuenea. Ni baada ya kuanzishwa uchanjaji wa kisiwa kizima mwaka 2010 ndipo vifo vilipopungua kwa kiasi kikubwa. Sababu yake si ngumu kuielewa. Mkiua ovyo mnawaua pia waliokwisha kuchanjwa, na nafasi zao huchukuliwa na wageni wasiochanjwa. Bali ukichanja mbwa 70 katika kila 100, virusi hukosa pa kupita, na ugonjwa hufa wenyewe.

Lakini tuna haja gani ya kwenda hadi Indonesia, na hali Pemba ipo? Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023 ulifuatilia ugonjwa huu kisiwani humo kuanzia 2010 hadi 2020, mbwa kwa mbwa na mgonjwa kwa mgonjwa, na kuvipima virusi vyenyewe ili kujua vimetoka wapi. Kadiri uchanjaji wa kila mwaka ulivyoimarika, ndivyo walivyopungua mbwa wenye kichaa, watu walioumwa, na waliokufa. Na kufikia Mei 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka. Hiyo ilikuwa fahari ya kisiwa kile. Kisha uchanjaji ukazorota. Mwishoni mwa mwaka 2016 virusi viliingia tena kutoka nje, si mara moja bali mara mbili, vikawakuta mbwa wasio na kinga. Ikabidi kazi ianzwe upya, mbwa wa kisiwa kizima wakachanjwa tena, na Oktoba 2018 ugonjwa ukaondoka kwa mara ya pili.

Tulipoisoma habari hiyo tulilikumbuka jamvi letu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Virusi, kama Kaskazi, havitoi muhula na havitaki kujua udhuru. Havijui kwamba fungu la fedha limechelewa, wala kwamba mfadhili ameondoka, wala kwamba mwaka jana hakukuwa na mgonjwa hata mmoja. Mwaka usio na mgonjwa ndio wenye hatari zaidi, kwa kuwa ndio unaotushawishi kuacha.

Tunajua pia kwamba wengi wetu, kwa mafunzo ya dini, hujitenga na mate ya mbwa. Mafunzo hayo tunayaheshimu, na ndiyo sababu Kaskazi ana banda lake na sahani yake. Lakini kujiepusha na mate ya mnyama si ruhusa ya kumtesa. Dini hiyo hiyo imetuhadithia habari za vijana wa pangoni na mbwa wao aliyelala kizingitini, na habari za mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumteremkia kisimani mbwa mwenye kiu. Na wakulima wa Unguja wanaowajua wasasi na mbwa wao wanajua ni nani anayewasaidia kulilinda shamba la muhogo lisifukuliwe na nguruwe mwitu.

Kwa hiyo tunatoa mwito. Kwa Serikali, tunaomba uchanjaji wa mbwa uwe na fungu lake la kudumu katika bajeti ya kila mwaka, uenee shehia zote za Unguja na Pemba, na usingoje kwanza mtoto aumwe. Bandarini na katika madau yanayovusha watu na mizigo, mbwa asivuke bila kadi, kwa kuwa bahari itatulinda iwapo tu malango yake yanalindwa. Hospitali zetu zisikose chanjo ya walioumwa, maana mtu wa shamba aliyeambiwa arudi kesho huenda asirudi. Vituo vinavyowahasi na kuwatunza mbwa walioachwa visaidiwe, kwani mbwa aliyehasiwa hataleta wengine sita wa kuzurura. Na jaa za taka ziondolewe kwa wakati. Mbwa wa mitaani hukusanyika pale tunapowaandalia karamu.

Kwa wananchi wenzetu, tunasema hivi: anayetaka mbwa na amchukue akijua anachukua wajibu wa miaka kumi na zaidi, na matembezi ya kila siku, mvua ikinyesha au jua likiwaka. Asiyeweza asimchukue, na wala asimtupe mtoto wa mbwa sokoni usiku akadhani hakuna anayemwona. Tuwafundishe watoto wetu kusimama wima na kutokimbia wamwonapo mbwa, na kutoa habari mara moja wakiumwa au wakilambwa. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji kwa robo saa, kisha hospitali, bila kupitia kwa mganga na bila kusubiri kesho.

Mataifa yamejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 asife mtu kwa kichaa kinachotokana na mbwa. Kwa bara pana lenye mipaka mirefu lengo hilo ni gumu. Sisi wa visiwani hatuna udhuru huo. Mbwa hafi maji akiona ufuko, na ufuko huo Pemba imekwisha kuuona mara mbili.

Siku ya 10 ilipotimia, yule mzee alikuja mwenyewe asubuhi, akasimama mbali kidogo na banda, akamtazama Kaskazi kwa muda mrefu. Mbwa alikuwa mzima, akirukaruka kama kawaida yake. Mzee hakusema neno juu yake. Alituuliza tu tarehe ya chanjo ijayo, tukamtajia, akairudia mara mbili ili aihifadhi. Tangu siku hiyo lango letu lina komeo jipya, na kadi imetundikwa ukutani barazani, mahali ambapo kila apitaye anaweza kuisoma.