Gharama ya shule ya kutwa Likoni, Kisauni na Changamwe

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Mvita, ambayo ndiyo kisiwa, ilikuwa na watu 154,171. Waliosalia, 1,054,162, wako ng'ambo: Kisauni 291,930, Likoni 250,358, Nyali 216,577, Jomvu 163,415 na Changamwe 131,882. Ni asilimia 87 ya kaunti. Hata hivyo, mzazi akitaja sekondari za umma zenye jina la siku nyingi, nyingi atakazotaja ziko kisiwani, Allidina Visram na Star of the Sea zikiwa miongoni mwao. Shimo la Tewa iko Shanzu, upande wa Kisauni, lakini ni ya bweni na huchukua wavulana kutoka nchi nzima. Mtoto wa kawaida wa ng'ambo husoma shule ya kutwa, na historia ya shule hiyo inasomeka vizuri zaidi kwenye fedha zake.

Wakati wa uhuru, 1963, Kenya ilikuwa na shule za sekondari 151 na wanafunzi 30,120, yaani wastani wa wanafunzi 200 kwa shule. Nyingi zilizofuata zilianza kwa harambee: wazazi walichanga, wakajenga madarasa mawili matatu, kisha wakaiomba serikali iwapelekee walimu. Mtindo huo uliacha jambo ambalo halijabadilika sana. Serikali hulipa mwalimu, na jengo hubaki mzigo wa walio karibu nalo.

Mwaka 2008 serikali ilianza kuilipia sekondari ya kutwa kwa mgao wa kila mwanafunzi, ambao walimu wakuu huuita kapitesheni. Ulikuwa shilingi 10,265 kwa mwaka, na mafungu yake yafaa yasomwe moja moja: vifaa vya kufundishia 3,600; mishahara ya wafanyakazi wasio walimu 3,965; michezo na shughuli nyingine 600; maji na umeme 500; uendeshaji wa ofisi 500; usafiri 400; ukarabati 400; matibabu 300. Jumla inatimia bila shilingi kupotea. La kuuliza ni kama kila fungu lilitosha kazi yake.

Tuchukue shule ya mfano: mikondo miwili, vidato vinne, wanafunzi 45 kwa darasa. Ni wanafunzi 360 katika vyumba vinane. Fungu la ukarabati la 2008 liliipa shule hii shilingi 144,000 kwa mwaka. Serikali ilipojenga madarasa ya mtaala mpya mwaka 2022, ilikadiria chumba kimoja kwa shilingi 788,000. Shule yetu ingelazimika kuweka akiba fungu hilo lote kwa miaka mitano na nusu ili ipate chumba kimoja, bila kugusa bati hata moja lililooza. Kwa shule iliyo karibu na bahari hilo haliwezekani, maana hewa ya chumvi hula mabati na misumari haraka kuliko inavyokuwa bara. Fungu lilikuwa 400 pwani na 400 Nyeri.

Maji na umeme navyo vilipewa 500 kwa mwanafunzi. Tukikadiria siku 180 za masomo kwa mwaka, ni shilingi 2.80 kwa siku. Mifereji ikikauka, shule hununua maji ya mkokoteni. Tuseme mtungi wa lita 20 ni shilingi 20: fedha ya siku nzima ya mwanafunzi mmoja ingenunua lita zisizofika tatu, kabla taa moja haijawashwa.

Madarasa yalitafutiwa chanzo kingine, Mfuko wa Maendeleo ya Maeneo Bunge, ulioanzishwa 2003. Kwa kanuni yake ya kwanza, asilimia 75 ya fedha iligawanywa sawa kwa kila eneo bunge na 25 kwa kigezo cha umaskini. Hadi uchaguzi wa 2013 Nyali ilikuwa ndani ya Kisauni. Kwa sensa ya 2019 maeneo hayo mawili yana watu 508,507, mara 3.3 ya Mvita. Miaka ya 2000 uwiano haukuwa huu hasa, lakini hata ungekuwa mara mbili tu, robo tatu ya fedha ilitolewa kana kwamba pande hizo zina watoto sawa. Kwa maoni yangu hapo ndipo ng'ambo ilipopunjwa zaidi, tena kwa kanuni iliyoandikwa kwa nia ya usawa.

Mgao ulipanda hadi 12,870 mwaka 2015, kisha 22,244 mwaka 2018. Haujapanda tena. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba fedha zilizopo zinatosha takriban 16,900 kwa mwanafunzi, sawa na asilimia 76 ya kiwango rasmi. Sasa tuweke bei. Kwa kukadiria kwamba zilipanda asilimia 5 kila mwaka kwa miaka saba, 16,900 za 2025 zina nguvu ya 12,010 za 2018. Shule imerudi chini ya mgao wa 2015. Wala kiasi hicho chote hakifiki akaunti ya shule, kwa kuwa vitabu, kwa mfano, hununuliwa na wizara.

Idadi ya wanafunzi nayo imeshuka. Mtihani wa mwisho wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa 2023 na waliouandika waliingia sekondari 2024, kwa hiyo Januari 2025 hapakuwa na kidato cha kwanza. Shule yetu ya 360 ikabaki na 270. Kwa kiwango rasmi, mapato yake ya 8,007,840 yanashuka hadi 6,005,880. Kwa 16,900 yanakuwa 4,563,000, pungufu ya asilimia 43. Tuseme ina wafanyakazi saba, mpishi na mlinzi wakiwemo, wanaolipwa wastani wa 18,000 kwa mwezi: ni 1,512,000 kwa mwaka. Walikuwa wakila asilimia 19 ya mgao, sasa 33. Mlinzi halindi robo tatu ya lango kwa sababu darasa moja limeondoka.

Upande wa mzazi, neno "bure" linahitaji nauli iwekwe kando yake. Feri ya Likoni haimtozi mtembea kwa miguu. Lakini mtoto wa Mtongwe anayesoma kisiwani hufika ferini kwa matatu. Tuseme analipa 50 kwenda na 50 kurudi, na upande wa pili anatembea. Kwa siku 180 ni shilingi 18,000, zaidi ya 16,900 ambazo serikali inaweza kumtolea kwa masomo ya mwaka mzima. Nauli ikiwa 40 ni 14,400. Hesabu husawazika kwenye shilingi 47. Kwa mzazi huyo, shule nzuri Likoni ina thamani ya fedha inayohesabika, wala haimo kwenye bajeti yoyote ya wizara.

Januari 2026 Gredi ya 10 iliingia, na wengi walisema shule zimejaa tena. Sivyo. Sekondari ya juu katika mtaala mpya ni miaka mitatu, si minne, hivyo kwa mikondo miwili shule yetu itabaki na 270. Gharama ya wale wafanyakazi saba, iliyokuwa 4,200 kwa kila mwanafunzi, imekuwa 5,600 na itabaki hapo. Njia iliyopo ni mkondo wa tatu: wanafunzi 405, vyumba tisa. Vinane vipo. Cha tisa, kwa bei ya 2022, ni 788,000, na mgao wa mwaka mzima wa watoto 45 watakaokaa ndani yake, kwa 16,900, ni 760,500.