Atropini: Dawa ya kwanza mapigo ya moyo yanaposhuka

MOYO wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Kupungua kwa mapigo hayo si lazima kuwe ugonjwa. Wanariadha wa mbio ndefu huwa na mapigo ya polepole kwa kuwa mioyo yao, iliyoimarishwa na mazoezi, husukuma damu nyingi kwa kila pigo.

Hatari huanza mapigo yanaposhuka, aghalabu chini ya 50, kiasi kwamba ubongo na viungo vingine vinakosa damu ya kutosha. Mgonjwa huzirai au kuchanganyikiwa, huumwa na kifua, hukosa pumzi na shinikizo la damu yake huteremka. Ni dalili hizo, wala si idadi ya mapigo pekee, zinazomlazimu daktari kuchukua hatua za dharura.

Dawa ya kwanza ni atropini. Neva iitwayo vagasi hufanya kazi kama breki ya moyo. Atropini huilegeza breki hiyo, nao moyo ukaongeza kasi. Kwa mujibu wa mwongozo wa Marekani wa 2020, mtu mzima hudungwa miligramu 1 mshipani, na kurudiwa kila baada ya dakika tatu hadi tano, bila kuzidi miligramu 3 kwa jumla.

Hata hivyo, dawa hii ina mipaka. Huenda isifue dafu iwapo njia za umeme ndani ya moyo zimekatika kabisa, au kwa mtu aliyepandikizwa moyo, kwani neva hiyo hukatwa wakati wa upasuaji. Hapo madaktari hutumia dripu ya adrenalini au dopamini, au huuchochea moyo kwa umeme kupitia ngozi ya kifua.

Isitoshe, atropini hununua muda tu, haiondoi kiini. Huenda kikawa mshtuko wa moyo, vidonge vya presha vilivyomezwa kupita kiasi, au sumu ya kuua wadudu shambani. Baadhi ya sumu hizo, hasa za jamii ya oganofosfati, huhitaji atropini nyingi kupita kipimo cha kawaida.

Ndiposa anayempeleka mgonjwa hospitalini hushauriwa kubeba pakiti za dawa anazotumia, na kumweleza daktari iwapo alikuwa akinyunyizia mimea dawa. Habari hiyo yaweza kubadilisha matibabu na kuokoa maisha.