Pumua kwanza, meseji utajibu baadaye

Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, ni ndoa ngapi zinaishi kwa simu? Yangu mojawapo: mimi Dodoma, mume wangu Dar. Na simu jamani, inagombanisha! Meseji ya neno moja, "sawa", saa tatu usiku, inatosha kukunyima usingizi.

Kinachonisaidia ni zoezi la kale la Wabudha, na wala halipo mbali nasi. Dar kuna hekalu la Wabudha lililoanzishwa na Wasinhala wa Sri Lanka mwanzoni mwa karne ya 20. Uganda yuko Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyekutana na Ubudha akisoma India, akaanzisha kituo karibu na Entebbe mwaka 2005.

Zoezi lenyewe: kaa, mgongo wima, fuatilia pumzi inavyoingia na kutoka puani. Akili itakimbia, tena haraka, kwenye kodi ya nyumba, kwa bosi, kwa ile "sawa". Ukishtuka, irudishe taratibu bila kujigombeza. Hapo pa kushtuka ndipo kwenye kazi yote. Kipali, lugha ya maandiko yao, kinaita sati, neno lenye maana pia ya kukumbuka. (Hubadili dini, shosti. Jumapili mimi niko kanisani kama kawaida.)

Hasira haiishi, ila unaiona ikipanda kifuani kabla haijafika kwenye vidole. Dakika kumi, simu iwe chumba kingine. Kisha usiandike, piga. Mume wangu kumbe huandika "sawa" akiwa kasimama kwenye daladala, mkono mmoja umeshika bomba.