Mtoto Kapewa Wasifu, Nyumba Nzima Ikaamka

Binti alitumwa na mwalimu kutafuta maisha ya mtu maarufu wa Morogoro. Alirudi na Mbaraka Mwinshehe, siri ya babu yake, na swali moja ambalo baba mtu hakulitegemea.

Ilikuwa Jumapili saa tatu usiku, muda ule ambao sare za shule zimeshapigwa pasi na unajiambia leo nalala mapema. Binti yetu wa kidato cha kwanza akaja sebuleni na karatasi mbili mkononi, uso umemshuka.

"Mama, mwalimu kanirudishia."

Kazi yenyewe ilikuwa ya somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Chagua mtu maarufu ambaye maisha yake yanagusa Morogoro, andika wasifu wake, kisha simama mbele ya wenzako uueleze kwa dakika kumi. Yeye alimchagua Mbaraka Mwinshehe, yule mwanamuziki. Karatasi ilikuwa safi, mwandiko mzuri, tarehe zote zimo. Chini kabisa mwalimu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Kazi hii ninayo mara nne. Ya kwako ni ipi?"

Kumbe yeye na wenzake watatu walinyonya sehemu moja, neno kwa neno, mpaka makosa ya tahajia yalikuwa yale yale. Nilitaka kufoka, halafu nikakumbuka nani alimpa simu na kumwambia "tafuta humo humo, mimi nimechoka." Ni mimi.

Nikampigia baba yake. Hapo ndipo moto ulipowaka.

"Wewe ndiye uko naye kila siku," akasema.

"Na wewe ndiye uko Dar kila siku," nikamjibu.

Wenye ndoa za wikiendi mtanielewa. Mume wangu kazi yake iko Dar es Salaam, mimi na watoto tuko Morogoro. Ijumaa akitoka ofisini anawasha gari, karibu kilomita 200, anaingia nyumbani saa tano au saa sita usiku watoto wameshalala. Jumatatu saa kumi alfajiri anaondoka, bado wamelala. Katikati ya wiki tunaongea kwenye simu: ada, umeme, gesi imeisha, fundi hajaja. Hatukuwa na ugomvi mkubwa, ila mazungumzo yetu yalikuwa yamebaki orodha ya manunuzi.

Ni mtoto mwenyewe aliyetuokoa usiku ule. Alisema, "Mwalimu kasema tutafute mtu aliyemwona. Bibi si aliishi mjini zamani?"

Safari ya Mgeta

Mama yangu anakaa Mgeta, juu milimani Uluguru. Jumamosi iliyofuata tukaingia kwenye gari wote, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya kwa zaidi ya mwaka. Unashika barabara ya Iringa, ukifika maeneo ya Mzumbe unakunja Sangasanga na kuanza kupanda. Joto la mjini linabaki chini, ukungu unashuka, na pembeni unaona kabichi, njegere na karoti zimepandwa kwenye miteremko ambayo wewe ungeogopa hata kusimama. Baba watoto alikuwa analalamikia rasta za gari lake. Binti alikuwa nyuma na daftari, ameandika maswali kumi na mawili.

"Shikamoo mama," mume wangu akasalimia.

"Marahaba mkwe wangu. Leo mvua itanyesha, maana umekuja."

Tukacheka, lakini ujumbe ulifika.

Chai ilipokwisha, mtoto akafungua daftari. "Bibi, ulimjua Mbaraka Mwinshehe?"

Mama yangu aliweka kikombe chini. "Mbaraka? Mimi nimemcheza huyo mpaka viatu vikaisha!"

Jamani! Mama yangu huyu wa kanga mbili na jembe? Akaanza kusimulia. Miaka ile baada ya Azimio la Arusha alikuwa msichana, anakaa mjini kwa shangazi yake. Morogoro wakati huo ilikuwa mji wa muziki, na bendi mbili ziliugawa kama leo Simba na Yanga. Upande mmoja Cuban Marimba, bendi ya Salum Abdallah, ambayo baada ya kifo chake iliongozwa na Juma Kilaza. Upande wa pili Morogoro Jazz, na pale mbele kijana mrefu wa sauti na gitaa, Mbaraka.

"Babu yako alikuwa Cuban," akamwambia mjukuu wake. "Mimi Moro Jazz. Tulikuwa hatusalimiani."

"Sasa mlioanaje?"

"Siku moja alikuja upande wetu. Eti kaja kusikiliza gitaa. Gitaa gani, alikuwa anaangalia miguu yangu!"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na mengine hayakuwa ya kucheka. Baba yangu ametutoka miaka mingi sasa. Nina umri wa miaka thelathini na nane, na sikuwahi kujua wazazi wangu walikutana wapi. Sikuwahi kuuliza. Aliuliza mtoto wa miaka kumi na minne kwa sababu ya maksi.

Bibi naye anakosea

Mama alieleza mengi. Mwaka 1970 Morogoro Jazz walichaguliwa kuiwakilisha Tanzania kwenye maonesho ya Expo 70 kule Osaka, Japani. "Mji mzima tulitembea kifua mbele kama tumepanda ndege wote," alisema. Mbaraka mwenyewe aliitungia safari ile wimbo, Expo 70. Binti akauliza kama wimbo unaweza kuhesabiwa kama ushahidi. Baba yake akamjibu vizuri tu: kama mtu ameimba safari yake mwenyewe, hiyo nayo ni barua aliyoiacha.

Ila kulikuwa na tatizo. Bibi alisisitiza kwamba Morogoro Jazz iliundwa na Mbaraka. Mtoto alikuwa ameshasoma kwamba bendi ilianzishwa 1944, mwaka ule ule ambao Mbaraka alizaliwa, tarehe 27 Juni. Mtoto mchanga haundi bendi. Akaninong'oneza, "Mama, nimwambie bibi kakosea?"

Mzazi mwenzangu, hapa ungefanyaje? Wengi wetu tulilelewa kwamba mkubwa hakosei, au akikosea unanyamaza. Mume wangu ndiye aliyemwelekeza: "Usimwambie amekosea. Mwambie ulichosoma, halafu muulize yeye alisikiaje."

Akauliza hivyo hivyo, kwa adabu. Bibi akafikiri kidogo, akatabasamu. "Basi mjukuu wangu, andika 1944. Lakini kwetu sisi ilianza alipoingia yeye."

Sentensi zote mbili ziliingia kwenye daftari. Ukiniuliza, pale ndipo ile karatasi iliyorudishwa ilipoanza kuwa ya kwake. Tarehe ya bendi anaweza kuipata mtu yeyote. Jinsi mji ulivyomwona kijana mmoja, hadi watu wakasahau kwamba bendi ilikuwapo kabla yake, hiyo aliipata Mgeta.

Hata mwaka wa Mbaraka kujiunga ulimsumbua: kuna wanaoandika 1964, wengine 1965. Akaandika yote mawili na kueleza kwamba vyanzo vinatofautiana. Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka na kuongoza Super Volcano. Wimbo wake Shida ulipendwa sana hapa nyumbani na Kenya pia, na mpaka leo ukipigwa kwenye harusi utaona wazee wanaacha sahani zao.

Halafu tukafika mwisho wake. Januari 1979 redio ilikuwa ni habari za vita tu, jeshi letu linapambana na Idi Amin. Mama alikuwa anapepeta mchele, kaka yangu mkubwa yuko mgongoni. Redio ikatangaza Mbaraka Mwinshehe amefariki kwa ajali ya gari Mombasa, tarehe 13. Alikuwa na miaka 34.

"Babu yako wa Cuban ndiye aliyelia," mama akasema. "Mimi nilimaliza kupepeta mchele, nikakaa tu."

Onesho la sebuleni

Wiki iliyofuata Jumamosi usiku ikawa siku ya mazoezi. Tukazima televisheni. Mimi, baba na mdogo wake tukakaa kwenye kochi kama darasa, yeye akasimama karibu na friji. Mara ya kwanza alisoma karatasi mwanzo mwisho bila kunyanyua macho, mdogo wake akasinzia. Baba akachukua karatasi, akamwachia kadi moja yenye maneno matano tu: gitaa, bendi mbili, Osaka, Shida, barabara.

"Barabara" aliliandika mwenyewe. Sikuelewa kwa nini, mpaka alipofika mwisho.

Alisema hivi: wenzake darasani wamechagua watu wengine, naye aliwauliza wamepata nini. Mmoja alimchukua Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyefariki mwaka 1965 kwa ajali ya gari. Mwingine Edward Moringe Sokoine, aliyekuwa Waziri Mkuu, ambaye jina lake limebebwa na Chuo Kikuu cha Kilimo hapa mjini. Sokoine alifariki tarehe 12 Aprili 1984 kwa ajali ya gari pale Dakawa, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam, akiwa na miaka 45. Na wa kwake, Mbaraka, ajali ya gari. Watu watatu wakubwa wa historia ya mkoa huu, wote barabarani.

Halafu akamgeukia baba yake, wala si kwa ubaya. "Baba, na wewe Ijumaa huwa unaendesha spidi ngapi?"

Sebule ikawa kimya. Mume wangu ni mtu wa maneno, lakini pale alitafuta neno akalikosa. Akasema, "Inategemea." Mtoto akaandika kwenye kadi yake, kama alivyoandika majibu ya bibi. Inategemea.

Mimi swali hilo nilikuwa nalo moyoni miaka mitatu. Kila Ijumaa nilikuwa nasikilizia geti mpaka saa sita. Nililisema mara nyingi kwa hasira, na hasira hujibiwa kwa hasira: "Kwani mimi napenda?" Mtoto alilisema kama mtafiti, akiwa na tarehe tatu mkononi. Hakuna wa kubishana na tarehe.

Usiku ule tulikaa nje barazani sisi wawili mpaka saa saba. Tuliongea kuhusu uchovu wake, kuhusu upweke wangu, kuhusu baba yangu aliyevuka upande wa bendi nyingine kwa ajili ya msichana. Hatukutaja ada wala gesi.

Siku ya darasani ilikwenda vizuri. Alichezesha kipande kifupi cha gitaa kwenye simu, akaeleza bendi mbili, na alipofika kwenye maneno ya bibi darasa likacheka. Mwalimu alimuuliza maswali manne, akajibu matatu. Kwenye la nne alisema, "Hilo sikulipata, nitamuuliza bibi."

Ijumaa iliyofuata, saa kumi na mbili jioni, simu yangu ikaita mlio wa ujumbe. "Gari nimeliacha ofisini. Niko kwenye treni. Msile bila mimi." Treni ya umeme imekuwa ikipita hapa tangu 2024, chini ya saa mbili kutoka Dar, na sisi tulikuwa tunaiona kama ya watu wengine. Sisemi ndoa imepona kwa tiketi moja. Kuna Ijumaa nyingine alikosa nafasi akaja na gari. Ila alifika salama, na alinipigia mara mbili njiani.

MTOTO AKIPEWA KAZI YA WASIFU

- Achague mtu anayefikika. Mandela ni mkubwa, lakini ukiwa Morogoro unaweza kwenda kwa miguu mpaka mahali alipopita Mbaraka, au Mazimbu, walikokuwa wakisoma vijana wa ANC wakati wa ubaguzi.
- Simu iwe mwanzo wa kazi. Akishasoma, afunge, kisha aandike kwa maneno yake anachokumbuka.
- Atafute angalau watatu: maandishi, mtu aliyekuwapo, na kitu alichoacha mhusika mwenyewe, iwe wimbo, hotuba au picha.
- Vyanzo vikipingana asifiche. Aandike vyote na aseme vinapingana.
- Akimhoji mzee, aende mchana, asimkatize, na arudi kumsomea alichoandika. Ni heshima, na mzee hukumbuka mengine.
- Mbele ya darasa, kadi moja, maneno matano. Mazoezi yafanyike sebuleni, na wewe mzazi uwe umeweka simu chini.

Na wewe msomaji, kabla mwanao hajatumwa na mwalimu: unajua wazazi wako walikutana wapi? Kama bado wapo, Jumamosi hii nenda kawaulize.