Ngoma na Mwili (2): Mimba ya Mti

Wiki iliyopita tuliishia kwa Bi Kidude, mwimbaji wa Zanzibar, na msondo, ngoma aliyokuwa akiifunga kiunoni. Leo turudi kwetu kusini. Msomaji wa Rasbura, Lindi, aliyewahi kuhudhuria sherehe za jando za Wamakonde hahitaji kuelezwa midimu, ngoma ya vinyago, ni nini. Kuna kifaa kimoja cha ngoma hiyo, hata hivyo, ambacho siku hizi ni rahisi kukikuta katika makumbusho ya Ulaya kuliko uwanjani. Ni ubao wa mti mwepesi, umekombwa kwa ndani ili ukae kifuani. Kwa nje umechongwa maziwa mawili, tumbo la mimba na kitovu kilichotokeza, na juu yake zimepangwa nembo mstari kwa mstari, kama zilivyochanjwa kwenye ngozi ya mwanamke wa Kimakonde. Mchezaji huufunga kwa kamba, akavaa na kinyago cha uso wa kike, kisha hucheza mwendo wa mja mzito, hata uchungu wa kuzaa akauigiza. Anayecheza ni mwanamume.

Wanaodai kwamba sanaa ya kuhoji uume na uke kwa kutumia mwili imeletwa juzi na wasanii wa video wautazame ubao huo. Nembo zilichanjwa, ndonya ilivalishwa mdomoni, mwendo ulifundishwa unyagoni. Mchongaji akaona hata tumbo laweza kufungwa na kufunguliwa. Atakayesema ule ni utani tu, nitamjibu kwamba kwa utani ingetosha kanga na furushi la matambara. Hakuna anayepanga nembo kwa uangalifu ule kwa ajili ya mzaha.

Pingamizi lililo zito ni jingine: siri ya vinyago ilikuwa ya wanaume, na wanawake waliambiwa kwamba wanaocheza si watu. Basi ngoma hiyo haikumpa mwanamke uhuru wowote. Ilimchukulia hata uzazi wake, ikauweka mikononi mwa wenye siri. Hilo nalikubali. Lakini siri ya namna hiyo ina udhaifu wake: kinachovaliwa na mmoja chaweza kuvaliwa na mwingine. Ng'ambo ya Ruvuma wanawake wa Kimakonde nao walikuwa na kinyago chao, lingundumbwe.

Kamera haikuyaleta haya, iliyakuta. Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alishuka Lindi mwaka 1906, akapanda hadi Newala akiwa na mashine ya kupigia filamu na nyingine ya kunasa sauti. Picha zikaenda upande wake na nyimbo upande wake, na hakuna chombo kati ya hivyo viwili kilichoweza kunasa jambo ambalo kila mwanamume uwanjani alilijua na kulinyamazia: ni mtoto wa nani aliyemo ndani ya kinyago. Ubao nao, ukishatundikwa kwenye ukuta mweupe, huonekana kama sanamu ya mwanamke tu, mpaka mtu asogee karibu na kuona matundu ya kamba pembeni.